Fundi Saa wa Laare

Laare, katika milima ya Nyambene huko Meru, ni mji wa watu wenye haraka. Miraa ikishachumwa huanza kufa. Zikipita siku mbili hivi nguvu zake huwa zimekwisha, na kwa hivyo kila gari liendalo Nairobi hukimbizana na saa. Katika mji wa namna hiyo, ndugu msomaji, nalimkuta mzee mmoja asiye na haraka hata chembe.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka yote ya kazi yake, jioni akishasahihisha madaftari, alikuwa akifungua saa za walimu wenziwe, akizisafisha na kuzitia mafuta, wala hakutoza hata senti. Alipostaafu aliweka meza barazani mwa duka la rafiki yake, akapanga bisibisi ndogo ndogo na vikoleo, akawa fundi.

Nilimpelekea saa ya mfukoni aliyoniachia marehemu baba.

"Sheikh," aliniambia akiipokea, "nalidhani tofauti ni kutoza pesa tu. Kumbe ni amana."

Akanisimulia. Mjane mmoja alimletea saa ya ukuta ya marehemu mumewe. Kwa pupa aliifungua bila ya kuilegeza kamani. Ikafyatuka, ikang'oa meno ya gurudumu. Rafiki aliyetengenezewa bure angalicheka na kusamehe. Yule mama alilia. Miezi mitatu mzee alitafuta saa kuukuu ya aina ile ile, akatoa gurudumu lake, akaitengeneza bila ya ujira. Tangu siku hiyo hagusi saa kabla ya kuandika daftarini jina la mwenyewe, kasoro na bei waliyopatana.

Faida je? Ndogo. Saa nyingi siku hizi ni za betri, zendazo kwa kijiwe cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Zikiharibika, mashine nzima hubadilishwa kwa dakika chache. Hizo ndizo zinunuazo unga. Za kamani ni chache, lakini ndizo zimwamshazo alfajiri. "Asiye na pensheni," alisema, "asiiache kazi yake kwa ajili ya hizi."

Hakuwa wa kwanza kuhama kazi namna hii. John Harrison wa Uingereza, aliyezaliwa 1693, alikuwa seremala. Saa zake za mwanzo alizifanya kwa mbao, na hatimaye akaunda saa ya baharini iliyowaonyesha manahodha mahali walipo. Na kabla yake, katika nchi ya Sham, Ibn al-Shatir alijifunza ujanani kutia nakshi za pembe za ndovu. Baadaye akawa mtunza nyakati za sala wa Msikiti wa Bani Umayya, Damascus, na mwaka 1371 akautengenezea mnara wake saa ya jua.

Mzee aliifungua saa ya baba, akaitazama kwa muda mrefu, akaifunga.

"Mhimili wa gurudumu la mizani umekatika. Sina zana za kuchonga mwingine. Nikijaribu nitaimaliza." Pesa yangu akaikataa.

Nimerudi nayo Pwani ingali imesimama. Chuoni tulifundishwa kwamba kusema "sijui" ni nusu ya elimu. Mzee yule aliipata nusu hiyo kwa machozi ya mjane, na siku atakapozipata zana, saa ya baba haitaguswa na mkono mwingine ila wake.