Bajeti ya Kupanua Nyumba Buruburu

Mtaa wa Buruburu, Nairobi, ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970. Kadiri familia zilivyoongezeka, wakazi wengi waligeuza nafasi iliyo ubavuni mwa nyumba kuwa chumba. Aghalabu hesabu yao huanzia kwenye mawe, saruji na mabati. Hapo ndipo penye kosa. Gharama ya kwanza ni ya kuthibitisha mpaka wa ploti na mapito ya bomba la majitaka. Ya pili ni ya michoro na kibali cha kaunti, kinachohitajika kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019. Baada ya hayo ndipo fundi akadirie vifaa na ujira, na akiba ya dharura itengwe. Chumba kisicho na kibali chaweza kuamriwa kibomolewe, na jasho la miaka likapotea. Majuto ni mjukuu.