Tamponi ndani ya kitabu, na kodi iliyorudi Dodoma

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye dirisha la forodha Namanga, Busia au Rusumo anajua kwamba jina la mzigo kwenye karatasi ndilo linaloamua utalipa nini. Mwaka 2019 kampuni changa ya Ujerumani, The Female Company, iliutumia ukweli huo kwa njia iliyowachekesha wengi na kuwaweka wabunge pabaya. Ilifunga tamponi 15 ndani ya kitabu, ikakiuza kama kitabu.

Wakati huo tamponi na taulo za kike zilikuwa zikitozwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 19. Vitabu vilitozwa asilimia 7. Maua ya kukatwa nayo ni asilimia 7, kwa hiyo ua la waridi lililopandishwa ndege kutoka Kenya lilikuwa na kodi ndogo dukani Berlin kuliko bidhaa ambayo mwanamke hawezi kuiahirisha hadi mwezi ujao.

Toleo la kwanza la kitabu hicho liliisha kwa siku moja, na wabunge walitumiwa nakala zao. Wazo hilo, lililoandaliwa na wakala wa matangazo Scholz & Friends, lilipata tuzo kuu ya uhusiano kwa umma katika tamasha la Cannes Lions. Kando yake kulikuwa na kazi isiyo na mbwembwe. Nanna-Josephine Roloff, mshauri wa uhusiano kwa umma kutoka Hamburg, na mwenzake Yasemin Kotra walikuwa wakikusanya saini za kudai kodi hiyo ipunguzwe, na zilipita 150,000. Novemba 2019 Bunge la Ujerumani likapitisha mabadiliko, na kuanzia Januari 1, 2020 kodi ikashuka hadi asilimia 7.

Hakuna aliyevishwa nishani katika sheria ile. Hoja yao ndiyo iliyoingia katika orodha ya kodi, na kwa mtu anayetetea afya ya wanawake hiyo ni heshima kubwa kuliko cheti cha kutundika ukutani.

Sasa turudi kwetu, maana hapa Afrika Mashariki mabunge yetu yalisikia mapema. Kenya iliondoa VAT kwenye sodo mwaka 2004, miaka 15 kabla ya Wajerumani kupiga kura, na mwaka 2017 ikatunga sheria inayoitaka serikali iwape wanafunzi wa kike sodo bure. Rwanda iliondoa VAT yake ya asilimia 18 Desemba 2019. Tanzania ilifanya hivyo katika bajeti ya 2018/19, baada ya wabunge wanawake na wanaharakati kulipigia kelele suala hilo kwa muda mrefu.

Msamaha wa Tanzania ulidumu mwaka mmoja. Juni 2019 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk Philip Mpango, aliliambia Bunge kwamba bei haikushuka na mlaji hakunufaika, hivyo msamaha ukafutwa. Badala yake serikali ilipunguza kodi ya mapato kwa wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo za kike, kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili.

Lawama ziliwaangukia wafanyabiashara. Kwamba wapo waliobaki na tofauti mfukoni, sina shaka. Lakini kulimaliza jambo hapo ni kurahisisha mambo, na mtu wa dukani anaweza kuonyesha kwa nini.

Chukua pakiti ya shilingi 1,180 yenye VAT ndani yake. Ukiiondoa kodi yote, inabaki 1,000. Ila msamaha hauondoi kodi yote. Kiwanda kinachouza bidhaa iliyosamehewa hakiruhusiwi kudai VAT kilicholipa kwenye malighafi, umeme na vifungashio. Kama kodi hiyo ilikuwa shilingi 80 kwa pakiti, inageuka gharama na kuingia kwenye bei. Pakiti inatoka kiwandani kwa 1,080 na mnunuzi haioni 1,000 aliyoahidiwa. Ongeza mwenye duka aliyejaza stoo mwezi Juni kwa bei ya zamani. Julai mosi hawezi kuuza kwa hasara ili waziri afurahi.

Hapo ndipo Wajerumani walipotuzidi. Wao hawakusamehe, walipunguza kiwango. Muuzaji anatoza asilimia 7 na bado anadai kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake. Kiwango cha sifuri kingefanya kazi hiyo vizuri zaidi: mteja halipi kitu na kiwanda kinarudishiwa chake. Kwenye hotuba ya bajeti maneno “msamaha” na “sifuri” yanasikika kama ndugu, lakini kwenye daftari la hesabu ni mbali kama Mombasa na Bujumbura.

Kwa anayevusha mizigo kuna tanzi jingine. Taulo zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na kukidhi masharti ya uasili haziwekewi ushuru wa forodha zikivuka kwa cheti cha uasili. VAT ni habari nyingine: kila nchi ina sheria yake na hutozwa kule mzigo unakokwenda. Mzigo uliosamehewa Nairobi unaweza kudaiwa asilimia 18 ukifika Arusha. Tofauti kama hizo ndizo zinazoalika njia za panya, ambako pakiti hupita bila kukaguliwa ubora na mnunuzi hajui anachomvalisha binti yake.

Roloff na wenzake walikwenda bungeni wakiwa na viwango mkononi. Wafanyabiashara wa mipakani wana kitu kizito zaidi, ankara. Ankara ya kabla na ya baada ya msamaha inaonyesha senti ilikwama wapi, kiwandani, kwa muuza jumla au rejareja, na mwaka 2019 mjadala ungekuwa mwingine kama zingewekwa mezani kwa wingi. Kamati ya Bajeti ya Bunge mjini Dodoma hupokea maoni ya wadau kuhusu muswada wa fedha kila mwaka, na Nairobi kuna ushiriki wa umma uliowekwa na Katiba. Milango hiyo hufunguliwa kabla ya Juni kwisha.