Mlima Kenya na Watoto wa Pwani

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, mabasi na treni hutushushia wageni kutoka bara, wao na watoto wao na hamu yao ya bahari. Sisi wenyeji huwapokea, tukawauzia madafu na viazi karai, kisha tukawaaga wakirudi makwao. Lakini ni wangapi katika sisi waliopata kuishika njia hiyo kinyume, wakawachukua watoto wao kwenda kuutazama mlima? Aghalabu safari zetu za bara ni za mazishi, harusi, biashara na hospitali. Mapumziko kwetu ni Lamu wakati wa Maulidi, Malindi kwa shangazi, au Unguja kwa mwenye uwezo.

Mwaka huu nyumbani kwangu tumeazimia kwenda Mlima Kenya katika likizo ya Agosti. Tu watu tisa: mimi na mama watoto, binti yangu mkubwa na mumewe, kijana wangu wa mwisho mwenye miaka 16, na wajukuu wanne, ambao mkubwa wao ana miaka 12 na mdogo miaka 7. Huyu mdogo ana pumu, na ndiye aliyetukalisha barazani siku tatu tukishauriana.

Binti yangu alisema mapema kwamba mwanawe atabaki Kibokoni kwa bibi yake mzaa baba. Kijana wa miaka 16 akaona hiyo ni rai njema sana, kwani yeye ana shabaha yake: Lenana, kilele cha mita 4,985, ambacho mpandaji wa kawaida hukifikia bila kamba wala vyuma. Ndicho ambacho marehemu Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu usiku wa uhuru, Desemba 1963. “Baba,” akaniambia, “kwenda mlimani usifike kileleni ni kama kuja pwani usiguse maji.” Maneno mazuri, na aliyeyasema atakuwa wakili, Inshallah. Lakini Lenana ni safari ya siku nne au tano kwa miguu, na kulala mahali palipopita mita 4,000 juu ya bahari. Hapo si mahali pa mtoto wa miaka saba, awe na pumu au asiwe nayo.

Mdogo mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza. Hakulia. Alitoka akauliza swali moja tu: huko juu kuna barafu ya kweli, au ni kama hii ya friji?

Swali lile lilinizuia, kwani jawabu lake lina muda wake. Barafu ya kweli ipo, lakini imesinyaa mno tangu Waingereza walipoipima mara ya kwanza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 2022 Unesco ilitoa taarifa kwamba barafu ya Mlima Kenya na ya Kilimanjaro inatarajiwa kutoweka ifikapo 2050. Mjukuu wangu wakati huo atakuwa hata makamo hajayafika. Kumwambia asubiri akue ni kumwambia asiione.

Tena barafu ile ina hadithi yake na sisi. Yule Krapf aliyeshuka Mombasa mwaka 1844 na kuweka kituo chake Rabai, ndiye huyo huyo aliyekusanya kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa baada ya kufa kwake. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui ugenini kwa Kivoi, mkubwa wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya na weupe wake. Mwenziwe Rebmann alikuwa ameiona Kilimanjaro mwaka mmoja kabla. Habari zilipofika London, mabingwa wa jiografia walicheka: theluji katikati ya dunia, jua la utosi! Mwenye kubisha sana alikuwa Cooley, ambaye Afrika hakupata kuikanyaga. Wakamba, ambao misafara yao ya pembe iliteremka hadi Mombasa, walikuwa na jina la mlima ule zamani, na kwa jina hilo nchi yetu inaitwa Kenya. Basi ni ajabu kidogo kwamba habari ile ilipita mlangoni petu ikaenda Ulaya, na sisi hatujaifuata kwenda kuiona.

Nikawaambia jamaa zangu shauri langu. Imamu huamrishwa asirefushe sala kwa sababu nyuma yake wamo wadhaifu, wazee na wenye haja. Na safari hii ifanywe hivyo. Tuipime kwa pumzi za mdogo, na atakayetaka zaidi apewe yake pembeni bila kuwaburuta wengine. Binti yangu akanyamaza, kisha akasema neno lake: daktari kwanza. Hapo tukaafikiana.

Sasa nieleze tulivyopanga, kwani huenda katika wasomaji wapo wenye nia kama yetu.

Kwanza ni wakati. Likizo za shule ni tatu. Aprili ni masika, na mlimani njia huwa matope matupu. Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha sawasawa, nao watu ni wengi. Agosti iko kati ya miezi mikavu, Julai hadi Septemba, ingawa mlimani hata kiangazi mvua huweza kunyesha baada ya adhuhuri. Kwa hiyo matembezi yote ni asubuhi. Tena vilele vyenyewe huonekana alfajiri. Ikikaribia saa nne mawingu huvifunika kama mtu aliyejitanda ukaya. Mwenye kuamka saa tatu akanywa chai yake taratibu ataondoka bila kuuona mlima alioujia.

La pili ni kimo, na hapa ndipo penye hatari ambayo mtu wa pwani hakulelewa kuijua. Sisi tunaishi usawa wa bahari. Kuanzia mita 2,500 hivi hewa inakuwa nyepesi, na mwili usiozoea huweza kuugua: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi. Kijana mwenye nguvu hasalimiki kwa nguvu zake. Mtoto mdogo hukasirika tu au akakataa kula, na mzazi asiyejua akadhani ni deko. Dawa yake ni kutopanda zaidi, na ikizidi ni kuteremka mara moja, hata ikiwa usiku.

Hifadhi hii ina malango kadhaa. Sirimon, upande wa Nanyuki, liko kiasi cha mita 2,650. Naro Moru liko mita 2,400, nasi tumechagua hilo kwa kuwa liko chini. Nililifikia miaka mingi iliyopita kwa kazi ya gazeti, na msitu wake sijausahau: miti mikubwa yenye ndevu, mbega weupe kwa weusi wakirukia matawini, kisha mianzi iliyosongamana hata mchana ukawa magharibi. KWS ina nyumba ya kukodi karibu na lango, yenye jiko na mahali pa kuotea moto. Tutalala hapo masiku matatu, na hakuna katika sisi atakayelala juu yake.

Njiani tutavunja safari. Siku ya kwanza ni treni hadi Nairobi, tulale kwa jamaa yetu South C. Nairobi iko mita 1,700 hivi, na usiku ule mmoja utaupa mwili nafasi ya kuzoea. Siku ya pili tutapanda gari hadi Naro Moru, mwendo wa saa tatu au nne, na kutoka mjini hadi langoni ni kama kilomita 17 nyingine.

Kijana wangu naye kapata fungu lake. Siku ya pili ya kukaa, yeye na shemeji yake na yule mjukuu wa miaka 12 watapanda na kiongozi hadi kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, warudi kabla ya alasiri. Sisi wengine tutatembea karibu na lango, napo vilevile na askari au kiongozi, kwani ule ni msitu wa ndovu na nyati, na nyati hana mzaha. Kijana alinung'unika, akafanya hesabu ya mita zilizobaki hadi Lenana, kisha akakubali.

Baridi ina hesabu yake pia. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi sita au zaidi. Ukitoka Mombasa penye nyuzi 25, langoni mchana utakuta kama kumi, na usiku mbaya zaidi. Nguo hazitaki pesa nyingi. Nendeni Kongowea kwenye mitumba: yale makoti mazito ya Ulaya, ambayo mtu hujiuliza yaletwa Mombasa kwa ajili ya nani, hapo ndipo mtakapojua. Mama watoto aliuliza buibui litapandaje mlima. Tumeafikiana kwamba la mjini libaki sandukuni, na msituni wanawake wavae suruali nzito na juu yake gauni refu lisiloburura matope, na mtandio wa sufi. Watoto nimewatungia ubeti, kwani orodha ya karatasi huipoteza:

Vaeni koti mwilini, wanangu kuna baridi,
Kofia masikioni, zivuteni zisirudi,
Na buti za maguuni, kambaze ziwe shadidi,
Kichwa chauma? Semeni, kunyamaa si jihadi.

Wanauimba kutwa, na ule mstari wa mwisho ndio ninaotaka wasiusahau.

Mintarafu ya ibada, sheikh wetu alituwekea wazi. Sisi ni wasafiri, na hatutakaa mahali pamoja siku nne kamili, basi kupunguza na kukusanya sala tunaruhusiwa. Maji ya udhu yatachemshwa. Mwenye jiko na kuni hana udhuru wa kukimbilia tayamamu. Na mwenye viatu madhubuti vinavyofunika fundo za miguu, aliyevivaa akiwa na udhu, msafiri ana siku tatu na masiku yake za kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu. Rukhsa hiyo tuliisoma chuoni tukiwa watoto, tukaikariri na masharti yake, na katika joto la Mombasa sijapata kuihitaji hata siku moja. Nyama tutanunua Nanyuki kwa wachinjaji Waislamu, na mchele, nazi na viungo tunachukua kwetu. Jambo moja nionye: wali mlimani huchukua muda mrefu kuiva, kwa sababu maji huchemka kabla ya kupata joto lake kamili. Asije mtu akamlaumu mpishi.

Viingilio hulipwa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, wala si pesa mkononi. Chukueni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vinginevyo bei ya mwananchi mtaitazama ikipita.

Nimebakisha la daktari. Alimpima mjukuu wangu, akaeleza kwamba hewa baridi na kavu huweza kuamsha pumu, na moshi wa kuni vilevile, jambo ambalo mimi sikulifikiria. Basi moto wa kuni hautawashwa ndani. Tutapikia gesi na kujifunika mablanketi. Mtoto atakuwa na dawa zake mbili za kuvuta, moja kwa mama na moja kwangu, na skafu ya kufunika pua na mdomo akiwa nje. Gari litabaki nasi usiku na mchana na dereva wake, na njia ya hospitali ya Nanyuki awe anaijua kabla ya jua kuchwa siku ya kwanza.

Ruhusa yenyewe haijakamilika. Daktari anataka kumwona tena wiki moja kabla ya safari. Akimkuta kifua kinalia, hatutakwenda hata mmoja wetu. Tutachukua gari hadi Shimba Hills hapo Kwale, tuwatazame ndovu na palahala kwenye vilima visivyofika hata mita 500, na Naro Moru tuiweke hadi Agosti nyingine. Kijana wa miaka 16 ameambiwa hivyo mbele ya wote, na sasa yeye ndiye anayemkumbusha mpwawe dawa yake kila asubuhi na jioni, wala hahitaji kuambiwa.