Mashine ya saratani huamuliwa mlangoni

Kila hospitali yetu inapotangaziwa mashine mpya ya mionzi, habari hutaja bei na nguvu: shilingi bilioni kadhaa, volti milioni 6. Kwa mgonjwa wa Lingeka au Bariadi mjini, mkoani Simiyu, ambaye hulazimika kufuata tiba hiyo Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, tarakimu hizo zinasema machache sana. Mashine aina ya LINAC, inayozalisha mionzi kwa kuchapua elektroni, hufaulu au hushindwa katika sentimita chache za mwanzo, elektroni zikiwa bado na mwendo mdogo. Ndiyo maana naona tunauliza swali lisilo lenyewe tunapoulizia volti.

Kazi huanzia kwenye kathodi, kipande kidogo cha tungsteni chenye vinyweleo vilivyojazwa bariamu, kinachopashwa moto hadi nyuzi 1000 hivi. Elektroni huchomoka humo, zikasukumwa na volti elfu ishirini na kitu, zikaingia kwenye bomba la shaba kwa kasi inayokaribia theluthi ya kasi ya mwanga. Bomba limegawanywa vyumba, na ndani yake mawimbi ya redio hutetema karibu mara bilioni 3 kwa sekunde. Katika nusu ya mtetemo mmoja mwanga husafiri sentimita 5, lakini elektroni iliyotoka kathodini sasa hivi husafiri sentimita 1.5 tu. Elektroni inayoingia wimbi likiwa linasukuma mbele hubebwa. Inayoingia wimbi likiwa limegeuka hurudishwa ilikotoka, na baadhi hugonga kathodi yenyewe na kuipasha moto kupita ilivyopangwa. Sehemu kubwa ya elektroni hupotea namna hiyo. Zinazonusurika hukusanyika katika vifungu vifupi, kila kimoja kikipanda wimbi lake.

Wakati huohuo zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, kwa kuwa zote zina chaji hasi. Mfugaji wa Simiyu anajua kwamba kwenye josho vurugu yote ipo mlangoni. Ng'ombe wakishaingia kwenye ujia, hunyooka wenyewe. Kwa elektroni, kinachozinyoosha ni kasi: zinapokaribia kasi ya mwanga, nguvu ya sumaku inayotokana na mwendo wao hukaribia kufuta ule msukumano. Kwenye nishati ya volti milioni 6, msukumano uliobaki haufiki asilimia moja ya ule wa mlangoni. Hapo ndipo hoja yangu inapokaa. Mwale wa elektroni ukishatawanyika mwanzoni, vyumba vinavyofuata huuongezea nishati bila kuurudishia umbo. Sumaku za mbele zinaweza kuuelekeza na kuubana, ila malipo yake ni elektroni zinazopotea njiani. Mwale uliopinda hugonga shabaha ya tungsteni pembeni, na mionzi inayotoka huelemea upande mmoja wa mwili wa mgonjwa.

Wapo watakaosema dawa ni kununua mashine ndogo zaidi zenye masafa ya juu. CyberKnife, kwa mfano, hutumia mawimbi ya takribani bilioni 9.3 kwa sekunde, na bomba lake ni fupi na jepesi kiasi cha kubebwa na mkono wa roboti. Ni uhandisi wa kupendeza kwelikweli. Lakini masafa yakipanda, kila kitu hupungua kwa pamoja: nusu ya wimbi sasa ni sentimita 1.6, elektroni ya mlangoni husafiri kama milimita 5 tu katika nusu ya mtetemo, na tundu la kupitia huwa jembamba. Mkengeuko ambao bomba kubwa lingeuvumilia, hapa unapeleka elektroni ukutani. Udogo wa mashine haupunguzi ugumu wa mlango.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini tusibaki na kobalti, inayotoa mionzi yenyewe bila kuchapua elektroni, ambayo Bugando imekuwa ikitibu nayo, na ambayo Ocean Road iliitegemea kabla ya kupata LINAC mwaka 2018? Kobalti haina mwale wa kuchunga. Ni kweli, na anayeibeza hajafikiria hospitali iliyo mbali na fundi. Ila nguvu ya chanzo chake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, muda wa mgonjwa kulala chini ya mashine unarefuka, na chanzo kilichochoka bado ni hatari inayohitaji ulinzi. LINAC ukiizima, haitoi mionzi.

Na umeme? Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2115, kwa hiyo, husemwa, tatizo limekwisha. Lakini kathodi haijali megawati za taifa; inajali kama volti inayofika chumbani imetulia. Umeme ukikatika, pampu za ombwe husimama, na hewa chafu huua uwezo wa kathodi kutoa elektroni. Maji ya kupoza yakipanda nyuzi moja tu, shaba hutanuka na masafa ya bomba la mitetemo bilioni 3 huhama kwa mitetemo kama 50,000 kwa sekunde. Mashine ina kifaa cha kufuata mhamo huo, lakini nacho kina kikomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ukilinganisha mashine za Oxford na za Nigeria na Botswana, ulionesha kwamba za Afrika huharibika mara nyingi zaidi, na mfumo wa ombwe umo katika orodha ya vinavyoharibika.

Kwa hiyo zabuni ya mashine ijayo ya Kanda ya Ziwa isianze na volti. Ianze na kidhibiti umeme, betri za kuendeshea pampu za ombwe, mtambo wa kupoza maji unaohimili joto la Mwanza, kathodi ya akiba, na mshahara wa mwanafizikia wa tiba anayepima kipimo cha mionzi kila asubuhi na kusimamisha kazi tofauti inapozidi asilimia 3. Bila hivyo, bora tununue kobalti na tuseme hivyo waziwazi.