Shahada ya Fani na Riziki ya Kijana

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yatangazwapo, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba: kijana wetu akasome nini Chuo Kikuu? Akitaja udaktari au uhandisi, wazee humshukuru Mungu. Akitaja historia, fasihi au Kiswahili, huulizwa papo hapo, "Utakula nini, mwanangu?"

Swali hilo si la kubezwa. Mzazi aliyemsomesha mtoto kwa pesa za karafuu au mwani ana haki ya kujua jasho lake litazaa nini. Hata hivyo, hatukubaliani na wale wanaodai kwamba masomo ya fani yana mlango mmoja tu, nao ni ualimu, kazi ambayo yenyewe ni ya heshima.

Hayati Benjamin Mkapa alihitimu Makerere mwaka 1962 kwa shahada ya Kiingereza. Kwa elimu hiyo alihariri magazeti, akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka 1995 akachaguliwa kuwa Rais. Mzaliwa wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, alisomesha fasihi Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, na mwaka 2021 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Fasihi. Hatusemi kwamba kila mhitimu atafika huko. Tunalosema ni kwamba anayejua kusoma kwa makini, kupima ushahidi na kuandika kwa ufasaha hafungwi na kazi ya aina moja.

Kazi za namna hiyo zipo hapa hapa visiwani. Nyaraka zetu za Taifa zimehifadhi maandishi ya Kiarabu na ya Kiingereza tangu enzi za masultani na ukoloni. Panapozuka mgogoro wa shamba au nyumba ya wakfu, hati ya zamani yaweza kuamua haki ya ukoo mzima, mradi apatikane wa kuisoma. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka. Mhandisi aweza kuinua ukuta, lakini ni mwanahistoria atakayemweleza jengo lilikuwaje na lina maana gani. Aidha, Umoja wa Afrika uliikubali lugha yetu kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Wakalimani na wafasiri wa mikutano hiyo hawana budi watoke mahali, na ingekuwa aibu wasitoke kwetu.

Lakini shahada peke yake haitoshi, na vijana hatuna budi tuwaambie ukweli. Msomi wa historia asiyeweza kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu amebeba ufunguo usio na meno. Mwenye shahada ya lugha na ajifunze lugha nyingine, Kiarabu au Kifaransa. Ajue na kompyuta. Na wakati wa likizo ajitolee katika ofisi, makumbusho au chumba cha habari, ili atokapo chuoni awe na la kuonyesha mkononi.

Kwa upande wa wakubwa wa Serikali, tunaomba mambo mawili. Kwanza, kazi za nyaraka, makumbusho, tafsiri na utalii wapewe waliozisomea, wala zisigeuzwe mahali pa kumweka mtu aliyekosa pengine. Pili, kila idara itenge nafasi za mazoezi kwa wanafunzi wa fani kama zinavyotengwa kwa wauguzi na mafundi.

Elimu haiozi, wasema wazee. Ni kweli, lakini mwenye elimu aweza kukaa barazani mpaka akakata tamaa iwapo hatutamwonyesha pa kuitumia. Mzazi aliyeuliza swali lile anastahili kujibiwa, na jibu lenyewe ni kazi ambayo mwanawe atapewa.