Kwa nini jina la Wanging'ombe huvurugika kwenye nukta nundu

Msikilizaji wetu mmoja wa hapa Makambako, ambaye haoni, alituletea studio tangazo la mkutano lililochapwa kwa nukta nundu. Alilipitishia vidole mara tatu. Siku aliipata, saa aliipata, ila hakujua mkutano unafanyika wapi. Tulipoomba nakala ya kawaida tukaona: Wanging'ombe. Jina ambalo kila abiria wa stendi yetu analijua lilikuwa limegeuka kitu kingine kabisa.

Tuanze na nukta zenyewe. Mfaransa Louis Braille alichapisha mfumo wake mwaka 1829. Kila alama ina nafasi 6 za nukta, 3 kushoto na 3 kulia, na ukizipanga kwa kila namna unapata alama 64, pamoja na nafasi tupu. Hazitoshi. Ndiyo maana tarakimu hukopa herufi: a ni 1, b ni 2, na mbele yake huwekwa alama ya namba. Alama hiyo ikiachwa, tarehe 26 inasomeka "bf".

Kazi ya kugeuza maandishi hufanywa na programu. Inayotumika sana ni Liblouis, ya bure, iliyopewa jina la Louis huyo huyo. Hata NVDA, programu ya kusomea skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, inaitegemea. Ndani yake kuna majedwali ya lugha mbalimbali, na kila mstari ni kanuni: herufi hizi, nukta hizi. Programu hutembea kutoka kushoto kwenda kulia, na kila inapofika hutafuta kipande kirefu zaidi chenye kanuni.

Hapo ndipo penye shida. Kiingereza kina vifupisho vingi. "The", "ing", "and" na "ar" kila kimoja kina alama moja tu. Ukiacha jedwali la Kiingereza likiwa limechaguliwa, programu haijui kwamba unaandika Kiswahili. Inakuta "ing" katikati ya Wanging'ombe, inafupisha. Neno "thelathini" lenye herufi 10 linabaki alama 6. Aliyesomea Kiswahili bila vifupisho hivyo atabahatisha tu, na mtoto kwenye mtihani hana muda wa kubahatisha.

Halafu kuna kile kialama cha ng'. Kompyuta ina aina mbili, kilichonyooka na kilichopinda, na programu ya kuandikia mara nyingi hukipinda bila kukuuliza. Kwa jicho ni kilekile. Kwa Liblouis ni vitu viwili, na jedwali lisipokijua cha pili, huweza kuchapa msimbo kama \x2019 katikati ya ng'ombe wako! (Mimi mwenyewe nilidhani ni utani hadi nilipoonyeshwa.)

Liblouis ina majedwali ya Kiswahili yaliyoandaliwa kwa matumizi ya Kenya. Kwa hiyo wewe unayechapa, kagua lugha kabla ya kubonyeza, chagua daraja la kwanza, lisilo na vifupisho, kama hujui msomaji wako amesomea lipi, kisha mpe asiyeona aguse ukurasa mmoja kabla hujatoa nakala zote.

Tangazo la msikilizaji wetu lilichapwa upya Ijumaa. Mkutano ulikuwa Alhamisi.