Wakufunzi na Vitabu Huria

Mwanachuo hanunui kitabu akipendacho. Hununua kile alichotajiwa na mkufunzi wake, japo fedha hizo zingemlisha mwezi mzima. Mpango wa TESSA, ulioanzishwa mwaka 2005 na kukishirikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ulitoa bila malipo masomo ya kuwafunzia walimu, yakiwemo ya Kiswahili. Leseni yake yaruhusu kunakili na, lililo bora zaidi, kurekebisha: hesabu za alizeti kwa mwalimu wa Unyambwa, za karafuu kwa mwenzake wa Pemba. Basi wakufunzi wetu wangoja nini? Wako wadhanio kwamba cha bure ni hafifu. Na wakisome kwanza, ndipo wahukumu. Nao wakuu wa vyuo wawape muda, na karatasi za kuchapia, kwani intaneti haijafika kila kijiji.